Kizito ni C

Watoto sita walikuwa wamekosea swali lile lile, kwa jibu lile lile, kwa namba ile ile. Inspekta alizipanga karatasi zao za mtihani juu ya meza ya maabara kama mtu anayegawa karata, akazisoma kwa mara ya nne. Mara ya nne haikumpa chochote ambacho mara ya kwanza ilimnyima.

Swali lenyewe halikuwa la kumtoa mtu jasho. Mtahiniwa amepewa vioevu vitatu, A, B na C, kila kimoja kwenye chupa yake. Apime mililita hamsini za kila kimoja, aweke kwenye mizani, halafu aseme kipi ni kizito kuliko vyote na amejuaje. Mizani ilikuwa mbele ya kila mtoto. Mwenye macho mawili na subira ya dakika tano alijionea mwenyewe: A gramu sitini, B arobaini, C arobaini na nane. Jibu ni A, kwaheri, nenda ukacheze.

Hao sita waliandika C. Na ili C ikubali kuwa kizito, wote sita waliandika kwamba ilipima gramu sabini. Sabini kamili, kama walioagiza sare kwa fundi mmoja.

"Mizani inawaambia arobaini na nane, wao wanaandika sabini," alisema Inspekta. "Mtoto gani anaikana mizani iliyo mbele ya macho yake?"

"Mtoto mwenye jibu mfukoni, Afande," alisema Koplo.

Koplo alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyeketi juu ya kigoda cha wanafunzi kwa imani kubwa kuliko kigoda chenyewe kilivyostahili. Alikosea kidogo tu: jibu halikuwa mfukoni, lilikuwa kwenye soksi. Msimamizi alilichomoa humo siku ya mtihani, Jumatano. Leo ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na kipande hicho cha karatasi kilikuwa kimebandikwa kwenye faili la Inspekta:

KIZITO NI C. A NA B NI SAWA TU, MAJIMAJI.

Mwandiko haukusaidia. Ilikuwa nakala ya nakala; ya kwanza ilishamezwa, kwa maana ya kumezwa hasa, na mtoto mmoja aliyeona msimamizi anakuja. Wale sita walipohojiwa, ile sabini walikiri kwamba walichunguliana; lakini karatasi, wa kwanza alisema amepewa na wa pili, wa pili na wa tatu, hivyo hivyo mpaka wa sita, ambaye alisema kwa utulivu mkubwa kwamba yeye alipewa na wa kwanza.

"Duara kamili," Koplo alisema. "Hesabu wanaijua, hao."

Inspekta hakucheka. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Tena, kwa sababu ya neno alilopenda kuwarudishia mashahidi, na tangu asubuhi alikuwa amelisema mpaka limechakaa. Mtunza maabara wa shule alikuwa mahabusu tangu jana jioni, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo. Binti yake alikuwa mmoja wa watahiniwa. Na saa kumi alasiri orodha ya watakaofutiwa mtihani ingetiwa muhuri na kuondoka, ikiwa na majina saba: wale sita, na binti. Anayefutiwa hukaa nje mwaka mzima, na shuleni hapo hapokelewi tena.

Zilibaki saa sita.

"Tuanze na zile gramu mbili," alisema Inspekta.

Hizo ndizo zilizomtia matumaini. Pamoja na vile vioevu, ofisi ya mitihani ilileta kafuri kwa ajili ya swali la mwisho. Fomu ilisema kafuri ilipakiwa gramu ishirini. Fomu hiyo hiyo, upande wa mapokezi, ilisema imefika gramu kumi na nane, na chini yake kulikuwa na saini ya mtunza maabara. Lakiri ya kreti lililobeba vyote ilifika nzima, haijavunjwa. Gramu mbili hazikuwemo. Mtu aliyeweza kutoa gramu mbili bila kuvunja lakiri aliweza kutoa na siri.

* * *

Mtunza maabara aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mwembamba, vidole vyake vimebadilika rangi kwa miaka ya kemikali, njano huku, kahawia kule. Aliketi wima kama anayesubiri kupigwa picha.

"Kafuri imepungua gramu mbili," alisema Inspekta. "Ziko wapi?"

"Zimeondoka."

"Na nani?"

"Peke yake, mama."

"Sema tena."

"Kafuri haikai. Ni ngumu kama chaki, lakini haina subira ya kuyeyuka kwanza. Inatoka kwenye ugumu, inaruka moja kwa moja inakuwa hewa. Ukisikia harufu yake, ndiyo hiyo inaondoka. Ofisi waliifunga kwenye karatasi, ikakaa humo wiki mbili. Mimi ningeifunga kwenye chupa yenye kizibo. Lakini mimi mtunza maabara tu, nani ataniuliza?"

Koplo aliacha kuandika. "Mzee, mimi nimekamata wezi miaka kumi na minane. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mali imejiiba."

"Hujawahi kukamata kafuri, mwanangu."

"Na binti yako?" Inspekta aliuliza. "Ulimwambia nini kuhusu mtihani?"

Mzee alikunja vidole vyake vya njano. "Nilimwambia awahi kulala."

* * *

Walirudi maabara. Mwalimu wa sayansi, kijana mwenye koti jeupe lililomzidi mikono, alitoa kipande cha kafuri kilichobaki baada ya mtihani, akakiweka kwenye kisahani juu ya mizani. Gramu sita nukta tano. Inspekta aliandika, akawatoa watu wote, akafunga mlango, akautia ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Saa nne na nusu.

Saa sita na nusu alifungua. Chumba kilinuka kafuri mpaka kwenye mapazia. Mizani ilisema sita nukta tatu.

"Maada ina hali tatu, Afande," alianza mwalimu, aliyekuwa na furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokijua. "Kuna yabisi, kioevu na gesi. Vitu vingi vinapita kwa foleni, yabisi kwanza, kioevu, halafu gesi. Kafuri inaruka foleni."

"Mwalimu, darasa hilo nilifika."

"Mlango ulikuwa umefungwa," Koplo alisema, akikuna kidevu, "ufunguo ulikuwa kwako, na mali imepungua. Afande, nikutie pingu mwenyewe au nimwite mkuu wa kituo?"

Inspekta alichora mstari juu ya neno *kafuri* kwenye daftari lake, kwa nguvu kiasi kwamba kalamu ilitoboa karatasi. Nusu ya siku ilikuwa imekwenda kwenye kitu kilichojiondokea chenyewe bila kumdhuru mtu.

Afisa wa ile ofisi ya mitihani aliketi ofisi ya mkuu wa shule, mbele yake fomu ya majina saba, muhuri na kidau cha wino vimepangwa kwa mstari. Shuleni walimwita Bwana Mitihani, na hakuonekana kuchukia. Aliletwa na pikapu ya ofisi yake asubuhi, na pikapu hiyo hiyo ndiyo ingeipeleka fomu saa kumi.

"Nipe saa chache zaidi," alisema Inspekta.

"Saa kumi ni saa kumi."

"Binti wa mtunza maabara hakukutwa na karatasi. Jibu lake ni A. Amepima, ameandika sitini, arobaini, arobaini na nane. Hana tofauti na wengine ishirini na wanne waliopata."

"Wao baba zao hawana ufunguo." Bwana Mitihani aliisogeza kalamu yake ikae sambamba na fomu. "Fikiria, Inspekta. Baba ana majibu. Anampa binti yake la kweli, na wengine anawarushia la uongo ili wakikamatwa, yeye asishukiwe. Binti amejibu sahihi. Ndipo nilipomshuku."

"Kwa hiyo angekosea angekuwa salama?"

"Angekosea angekuwa pamoja na wale sita."

"Akikosea amefutwa, akipata amefutwa."

"Sasa umeanza kuielewa kazi yangu."

Inspekta alitoka bila kuaga. Kwenye korido alisimama, akavuta pumzi, akaitoa. Koplo, aliyemjua, alingoja mpaka ya tatu.

"Ukitaka kumpiga," alisema, "mimi sikuona kitu. Nilikuwa nafunga kamba za viatu."

"Kaniitie binti."

* * *

Binti alikuja maabara na sare yake iliyopigwa pasi ikanyooka. Alikuwa amelia, lakini asubuhi. Sasa uso ulikuwa mkavu na mgumu. Hakuketi mpaka alipoambiwa. Inspekta aliziweka chupa tatu mbele yake. A ilikuwa angavu. B nayo angavu. C ilikuwa na rangi ya asali.

"Kizito ni kipi?"

Binti alizitazama chupa, kisha akamtazama Inspekta.

"Kizito cha kubeba, au kizito cha kumimina?"

"Sema tena."

"Kizito cha kubeba au cha kumimina? Baba halipendi hilo neno. Nikisema kitu ni kizito, lazima aniulize hivyo. Hata kama nina haraka. Hata kama nimeshika ndoo." Aliinamisha C upande mmoja, na kioevu kikajivuta polepole kwenye ukuta wa chupa. "Haya ni mafuta ya nyonyo. Ukiyamimina ni mazito, yanajivuta. A ni maji ya chumvi, ukiyamimina yanakimbia kama maji mengine. Lakini weka vipimo sawa kwenye mizani, uone nani anamshinda nani."

"Nionyeshe."

Alichukua bomba refu la kioo, akamimina A kidogo. Juu yake akamimina C. Mafuta yalishuka kwa uvivu, yakafika kwenye maji ya chumvi, yakakataa kuendelea. Yakatulia pale juu, mstari umenyooka katikati yake na maji.

"Mazito hayo, na bado yanaelea," alisema binti. "Mizani haijali kinamiminikaje."

Inspekta alilitazama lile bomba. Kisha akafungua faili na kuisoma ile karatasi ya soksini, kwa sauti, kama ndiyo kwanza ameletewa.

"Koplo. Wewe kizito ni kipi hapo?"

"C," alisema Koplo bila kufikiri. "Si unaiona inavyojivuta?"

"Asubuhi nzima tumeambiwa hii karatasi ni uongo uliotungwa kwa makusudi," alisema Inspekta. "Siyo uongo. Aliyeandika alikuwa anasema ukweli wake. Swali liliuliza kizito cha kubeba, yeye akajibu cha kumimina. Mtunza maabara anayemsumbua mtoto wake na hilo neno mpaka kwenye ndoo hawezi kuandika hivi, hata kwa kudanganya. Lingemkwama kooni."

Binti alilishika bomba kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu mwenye cheo kusema jambo lililomfaa, na hakutaka kulisogelea haraka lisije likakimbia.

"Hilo nikimpelekea Bwana Mitihani atanicheka," Inspekta aliendelea. "Nahitaji mtu."

* * *

Alimtafuta mtu huyo kwa njia iliyoonekana ya akili mpaka ilipojaribiwa. Alisimama koridoni na chupa tatu, akamwuliza kila aliyepita: kizito ni kipi? Karani alisema C. Mwalimu wa historia alisema C. Fundi bomba alisema C, akaongeza kwamba mabomba yakiziba ndiyo hali yenyewe. Mwanamke aliyekuja kulipia sare alisema C, akauliza kama wanaiuza. Kati ya watu kumi na mmoja, tisa walisema C, mmoja alisema hajui, na wa mwisho alikuwa mwalimu wa sayansi, aliyesema A na kuanza kueleza.

"Hongera, Afande," alisema Koplo. "Tumepunguza watuhumiwa. Tumebaki na nchi nzima."

Saa nane na robo. Inspekta alirudi maabara, akakivuta kigoda kwa mguu kikapiga kelele sakafuni. Aliweka viwiko juu ya meza, karatasi katikati ya viwiko.

"Kuna sentensi ya pili," alisema. "Sote tumeisoma na sote tumeiruka. 'A na B ni sawa tu, majimaji.' Mwalimu, A na B ni sawa?"

"Hata kidogo. A maji ya chumvi, B spiriti."

"Nikiziangalia?"

"Ukiziangalia utasema zote maji."

"Koplo, fungua B."

Koplo alizungusha kizibo, akaweka pua, akaitoa haraka, macho yamejaa machozi. "Mama yangu! Hii ya kusafishia vidonda."

"Ungesema ni sawa na A?"

"Labda ningekuwa sina pua."

Inspekta aliinuka. Sasa alikuwa anatembea, hatua nne kwenda, nne kurudi, kati ya sinki na kabati. "Mtunza maabara alizifungua hizi chupa Jumatatu, akazigawa kwenye vichupa vya watahiniwa thelathini na mmoja. Alishinda siku mbili na hiyo harufu. Asingeandika 'sawa tu'. Mwandishi wetu hakufungua chupa. Aliziona zimefungwa. Mwalimu, lakiri ya kreti ilivunjwa lini?"

"Jumatatu mchana, mbele yangu. Chupa tukazifungua papo hapo, tukazikagua."

"Kwa hiyo aliziona kabla ya hapo. Alizipakia nani?"

"Bwana Mitihani mwenyewe, ofisini kwake."

Koplo aliinua nyusi kwa matumaini makubwa.

"Usifurahi," alisema Inspekta. "Yeye ana orodha. Anajua kilichomo kwenye kila chupa kwa jina. Hana haja ya kubahatisha kwa macho. Kreti liko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya mlango. Kreti la mbao, vipande vimepigiliwa kwa nafasi ya vidole viwili, ndani limegawanywa vyumba. Chupa tatu zilikaa wima, herufi zake zikisomeka kutoka nje. Inspekta alizirudisha zikiwa zimefungwa, akafunika, akaliinamisha kreti upande mmoja, kisha wa pili. Kwenye A, kiputo cha hewa kiliruka kutoka chini hadi juu. Kwenye B kiliruka vile vile. Kwenye C kilijikongoja.

"Lakiri nzima," alisema Koplo taratibu, "na siri nje."

"Nani alilibeba kutoka ofisini mpaka hapa?"

Mwalimu alitazama fomu ya mapokezi, ingawa hakuna aliyehitaji fomu. "Dereva wa pikapu."

* * *

Dereva aliitwa Gia Nne, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza kwa gia ya chini ya hapo. Walimkuta uani, chini ya pikapu yake. Miguu miwili tu ndiyo iliyokuwa nje. Saa tisa kasoro kidogo.

"Pole na kazi, Dereva."

"Asante Afande asante, karibu, nikitoka nitakuchafua, hii inavuja kidogo nazuia tu, saa kumi nina safari."

"Nina swali la ufundi."

Miguu ilisogea. Mtu mzima akatoka chini ya gari haraka kuliko ambavyo angetoka kwa ajili ya polisi.

"Mimi na Koplo tunabishana," alisema Inspekta. Mwalimu alikuwa ameweka mizani juu ya boneti, na pembeni yake A na C. "Kuna mtu ameandika kwamba hii C ndiyo nzito. Mimi nasema mtu huyo hajui chochote. Hajawahi kushika kitu chenye uzito maishani mwake. Labda anauza vitambaa."

Gia Nne alijifuta mikono kwa tambara. "Hajui vipi? C ndiyo nzito."

"Mwalimu, pima."

Mwalimu alipima. A, sitini. C, arobaini na nane. Gia Nne alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa namba.

"Mizani mbovu."

Mwalimu alirudia. Namba nazo zikarudia.

"Basi mmebadilisha mafuta," alisema Gia Nne, na gia ikapanda. "Afande, nisikilize, mimi namimina oili mwaka wa ishirini na mbili huu, nzito naijua, nyepesi naijua, nifunge kitambaa machoni nitakwambia hii ya injini hii ya gia. Hii mliyopima siyo. Ile niliyoiona mimi nilipoinamisha kreti, kiputo cha C kilikuwa kinapanda kama mzee anapanda ngazi, na A na B zote sawa tu, majimaji, sasa leo unaniambia A ndiyo—"

"Kinapanda kama nini?" aliuliza Koplo, akiandika.

"Kama mzee anapanda ngazi," alisema Gia Nne. Halafu akajisikia mwenyewe.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa pikapu.

"Ni mtoto wa dada yangu," alisema mwishowe, polepole kabisa. "Aliniuliza tu: Anko, umebeba nini humo? Nikaangalia, nikamwambia, naye akaandika. Nilitaka ajue mjomba wake anajua vitu. Wallahi sikujua kwamba ndilo swali."

Koplo aliweka maelezo mbele yake, akampa kalamu. "Saini hapa."

Gia Nne aliichukua, akaanza kuinama, akasita. "Hao watoto watafanywa nini?"

"Watakaa nje mwaka mmoja," alisema Inspekta.

"Na wa dada yangu?"

"Yumo kwenye sita."

Kalamu ilirudi kwenye kiganja cha Koplo. "Basi mimi sikusema kitu. Nilikuwa chini ya gari. Nitamwangaliaje dada yangu?"

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Inspekta alikaa kwenye ngazi ile ile, pembeni ya dereva, akachafuka sketi.

"Sita wamekwisha, Dereva. Karatasi ilitoka kwenye soksi yao, na sabini waliiandika kwa mikono yao. Saini yako haiwaongezei wala haiwapunguzii. Mimi nakuuliza kuhusu wa saba, binti wa mtunza maabara. Hakuwahi kuiona karatasi yenye maneno yako. Alipima, akaandika alichokiona, na saa kumi anafutwa pamoja nao. Baba yake yuko ndani tangu jana kwa sababu ya kiputo chako."

Gia Nne alitazama boneti.

"Na ni kweli arobaini na nane?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo hata hao sita niliwapoteza bure."

Alinyoosha mkono bila kugeuka, Koplo akampa kalamu. Alisaini kwa herufi kubwa, na kidole gumba chake kikaacha oili kwenye kona ya karatasi.

* * *

Bwana Mitihani aliyasoma maelezo mara mbili, kisha akaigusa ile alama ya oili kama ndiyo jambo zito kuliko yote. Saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika nane.

"Nimeelewa," alisema. "Lakini fomu haikubali kukatwakatwa. Jina likitoka, fomu inaandikwa upya. Kwa mkono, nakala tatu."

"Andika."

"Gari linaondoka saa kumi."

"Gari haliondoki popote," alisema Inspekta, akivuta kiti. "Dereva wake yuko na Koplo."

Bwana Mitihani alitafuta kanuni. Haikuwepo. Alichukua fomu mpya. Inspekta alikaa mbele yake, mikono imekunjwa, akahesabu majina kila yalipokuwa yanaandikwa: sita kwenye ya kwanza, sita kwenye ya pili, sita kwenye ya tatu. Muhuri ulipogonga mara ya mwisho, aliinuka.

Binti alikuwa kwenye benchi la korido, magoti yamebanwa, macho kwenye mlango.

"Nimebaki?"

"Umebaki. Matokeo yako hayaguswi."

Binti aliitikia kwa kichwa mara moja, kama aliyepewa chenji iliyo sahihi. "Na baba?"

Koplo alikuwa anakuja kutoka uani, simu sikioni, uso umekunjamana. Aliifunika kwa kiganja.

"Wamemfungulia tangu dakika tano zilizopita, Afande. Ila hatoki. Walipompokea jana walimvua viatu, na cha kushoto hakionekani. Kituo kizima kinatafuta. Wamempa kandambili, amekataa. Anasema aliingia na viatu miguuni. Akitoka na kandambili, watu watadhani kweli kuna alichofanya."

"Mwambie—" alianza Inspekta, aliyekuwa amefika mwisho wa uvumilivu wake.

"Mwambieni asitoke," alisema binti. Alikuwa ameshasimama, na sketi ya sare ameishika kwa mkono mmoja tayari kukimbia. "Akae hapo hapo. Nampelekea vile vyake vyeusi. Nitavipiga rangi njiani."